Mfanyabiashara mpya wa Mwanza aanze kuuza, ndipo adaiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa vijana na akina mama wengi wa Mwanza wanaotaka kufungua biashara kwa mara ya kwanza, nalo ni mpangilio wa malipo wanayotakiwa kuyakamilisha kabla hawajauza hata kilo moja ya sukari. Siandiki kupinga kodi. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, na kila ninayemwandikia vitabu humsisitizia kwamba kodi inayostahili ilipwe, tena kwa wakati. Ninachokipinga ni desturi ya kumdai mtu kodi, ada na ushuru kwa sababu tu ameonyesha nia ya kufanya biashara, ilhali mauzo ambayo ndiyo yangetoa fedha za kulipia hayajaanza.

Mwishoni mwa Juni 2024 mgomo wa wafanyabiashara waliolalamikia kodi, ulioanzia Kariakoo, Dar es Salaam, ulifika hadi kwetu, na maduka mengi ya katikati ya jiji la Mwanza yalifungwa. Malalamiko yalisikika, na Oktoba ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue. Niliufuatilia mjadala ule kwa makini, na nikaona kwamba karibu yote yaliyosemwa yalitoka kwa watu ambao tayari wana maduka. Hilo linaeleweka, kwa kuwa aliye na duka ana mlango wa kuufunga siku ya mgomo, ana jumuiya inayomsemea na ana risiti za kuonyesha. Ambaye bado anahangaika kufungua hana kimoja kati ya hivyo. Kwa ajili yake ndiyo maana naandika.

Tuchukue mfano wa binti anayetaka kufungua duka la vyakula pale Igoma. Kwanza anahitaji namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) huitoa bila malipo. Akitaka duka lake liwe na jina, atalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa ada ambayo kwa kweli si kubwa. Baada ya hapo anakadiriwa kodi ya mapato kutokana na mauzo ambayo yeye mwenyewe hayajui, kwa kuwa hajauza, na ofisa anayemkadiria naye hayajui, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo makadirio huishia kutegemea ukubwa wa chumba, mtaa kilipo na namna mwombaji anavyojieleza. Bila kupita hapo hapati cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi, na bila cheti hicho ombi lake la leseni ya biashara halikamiliki. Akishakamilisha, anapewa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya Serikali, ya kulipia ada ya leseni, ambayo ni ya mwaka mzima na hulipwa kwa mkupuo. Kwa kuwa ni duka la chakula, atapita pia kwa bwana afya, na mara nyingi hatakosa kutembelewa na wakaguzi wa zimamoto, kila mmoja akiwa na ada yake.

Katikati ya hatua zote hizo kuna chumba. Ombi la leseni linataka mkataba wa pango, kwa hiyo mtu hupanga kwanza, kisha ndipo anaanza kuzunguka ofisini. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu katika vitabu ninavyoandika hapa ndipo mtaji mwingi unapoishia, na ni mahali ambapo wapanga sera hawapatazami sana. Wenye nyumba wengi wa mjini hutaka kodi ya pango ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa pamoja. Tuseme chumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Sheria inamtaka mpangaji azuie asilimia 10 ya fedha hiyo, yaani shilingi 180,000, na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, kwa maana ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba na wala si ya mpangaji. Lakini mwenye nyumba anataka fedha yake kamili. Mpangaji akisema atakata asilimia 10, anaambiwa chumba kina wateja wengine wanaokisubiri, na kwa kuwa anakihitaji, anatoa shilingi 1,800,000 kwa mwenye nyumba na shilingi 180,000 nyingine kwa TRA kutoka katika mtaji wake. Juu yake upo ushuru wa stempu wa asilimia moja kwa ajili ya mkataba. Mtu huyu amelipa kodi ya mapato ya mtu mwingine, na duka lake bado halina kitu rafuni.

Wakati huo pango linahesabika tangu siku alipokabidhiwa ufunguo. Leseni ikichelewa wiki tatu kwa sababu mfumo haufunguki, au kwa sababu ofisa anayetakiwa kuthibitisha hatua moja yuko safarini, hizo ni wiki tatu za pango lililolipwa kwa ajili ya chumba kilichofungwa. Nimemsindikiza mteja wangu mmoja katika ofisi moja ya hapa mjini ambako kila tulipofika tuliambiwa karatasi moja zaidi inahitajika, na hakuna siku tuliyoambiwa zote kwa pamoja. Mteja yule hakuwa mbishi, wala hakuwa na lengo la kukwepa chochote. Alikuwa na fedha ya kulipa siku ya kwanza. Kufikia siku alipopata leseni sehemu ya fedha hiyo ilikuwa imekwenda kwenye pango na nauli, akafungua duka akiwa na bidhaa pungufu ya alizokuwa amepanga.

Niseme kwa haki kwamba Serikali Kuu imekwishaikubali hoja ninayoitetea, angalau kwa nusu. Katika bajeti ya mwaka 2019/20, sambamba na kufutwa au kupunguzwa kwa tozo 54 chini ya mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, Bunge lilikubali kumpa mlipakodi mpya miezi sita tangu apate TIN kabla ya kuanza kulipa kodi ya mapato. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaokuja kwangu hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwangu, na hata wanapolifahamu, nafuu hiyo ni ya kodi ya mapato peke yake. Haigusi leseni, haigusi ushuru wa huduma wa halmashauri, haigusi ada za ukaguzi, wala haigusi ile asilimia 10 ya pango. Mlango mmoja umefunguliwa, lakini milango mingine yote aliyobakiza mwombaji inadai kama kawaida.

Makadirio nayo yanastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu uelewa mdogo katika eneo hili unawaumiza wengi bila sababu. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 7 lakini yasiyozidi milioni 11, kama hana kumbukumbu za mauzo, analipa shilingi 250,000. Akiwa na kumbukumbu, analipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 7. Kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 10 anayeandika daftari lake vizuri atalipa shilingi 180,000, na asiyeandika atalipa 250,000. Tofauti hiyo ya shilingi 70,000 inaweza kununua mfuko wa sukari wa kilo 25 au katoni kadhaa za sabuni. Lakini tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo: hii ni kodi ya mauzo, si ya faida. Duka la rejareja la sukari, unga na mafuta ya kula, ambalo faida yake ni kama asilimia 5 ya mauzo, litapata shilingi 500,000 katika mauzo ya milioni 10 kabla ya kulipa pango na umeme. Likidaiwa 250,000, nusu ya faida imekwenda hata kabla mwenye nyumba hajagonga. Mwenye duka la zamani anaweza kulibeba jambo hilo kwa sababu ana wateja na ana mkopo wa bidhaa kutoka kwa wauzaji wa jumla. Anayeanza hana, na mwaka wa kwanza ndio mwaka ambao kosa dogo la hesabu linaifunga biashara.

Najua halmashauri nazo zina shida zake, na sipendi kuwasema watendaji kana kwamba wanatoza kwa kupenda tu. Wenye umri wangu tunakumbuka kodi ya maendeleo, tuliyoiita kodi ya kichwa, ilivyofutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine wa kero. Ilikuwa haki kufutwa, lakini halmashauri zilipoteza chanzo. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, jambo ambalo wakulima wa pamba na mpunga wa kanda yetu walilishukuru. Kilichobaki mikononi mwa jiji kwa kiasi kikubwa ni leseni, ushuru wa huduma, ushuru wa masoko, maegesho na vituo vya mabasi. Mkurugenzi anayepewa lengo la makusanyo kila mwaka, huku vyanzo vikipungua, atamtafuta aliye karibu, na aliye karibu kuliko wote ni yule aliyekuja mwenyewe dirishani kuomba leseni.

Lakini katika mabadiliko hayohayo limo fundisho ambalo naona halmashauri zetu hazijalitumia. Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, nyumba ya kawaida iliyopaswa kulipa shilingi 12,000 kwa mwaka ilikatwa 1,000 kila mwezi. Kiwango kimepanda baadaye, lakini utaratibu umebaki, na watu wanalipa kidogo kidogo bila kufukuzana na mtu. Kodi ya mapato yenyewe hulipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mifumo ya malipo ya Serikali ina uwezo wa kutoa kontroli namba ya sehemu ya deni, na wananchi wanalipia kwa simu wakiwa Kayenze au Ukerewe. Kama nyumba inaweza kulipa kwa mwezi na mapato kwa robo mwaka, sioni sababu ya msingi ya leseni ya mtu anayeanza kudaiwa yote siku ya kwanza.

Kwetu Mwanza jambo hili lina ugumu wa ziada ambao wageni huwa hawauoni. Mji ni mmoja, lakini mamlaka ni mbili: Halmashauri ya Jiji la Mwanza inayosimamia Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyomegwa mwaka 2012. Mtu anayelala Mabatini, mwenye duka Igoma na stoo Nyakato, amevuka mpaka wa mamlaka bila kujua, na kila upande una sheria ndogo zake. Nimeshuhudia mfanyabiashara akidaiwa ushuru wa huduma na pande zote mbili kwa mauzo yaleyale kwa sababu tu mzigo unalala upande mmoja na kuuzwa upande mwingine. Katika suala la kuwapokea wafanyabiashara wapya, naomba mabaraza haya mawili yakae pamoja na kuandika kanuni moja, kwa sababu mamlaka moja ikilegeza masharti peke yake, watu watahamisha mbao za matangazo kutoka Mabatini kwenda Buzuruga na hakuna kazi mpya itakayokuwa imeongezeka.

Ushuru wa huduma wenyewe unastahili maneno machache. Kwa miaka mingi Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliuweka katika kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa bidhaa. Kwa mauzo ya shilingi milioni 60 kwa mwaka, hiyo ilikuwa shilingi 180,000. Si fedha ya kutisha kwa biashara iliyosimama. Lakini ni kiwango cha juu, si kiwango cha lazima, na maana yake ni kwamba madiwani, kwa sheria ndogo inayoidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, wana nafasi ya kumtoza mfanyabiashara wa mwaka wa kwanza kiasi kidogo zaidi. Nafasi hiyo ipo mikononi mwetu hapa Mwanza. Haihitaji kusubiri Dodoma ibadilishe sheria ya kodi.

Sasa nije kwenye ziwa, kwa sababu hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Pale Mwaloni, Kirumba, magunia ya dagaa hupakiwa kila siku kwenda mikoani na nchi jirani kama Kongo, Rwanda na Burundi. Yanaondoka yakiwa ghafi, na kazi ya kuyachambua, kuyakaanga, kuyatia viungo na kuyafunga katika pakiti za kupendeza inafanywa huko yanakokwenda, au haifanywi kabisa. Wapo vijana wa Pasiansi na Kirumba wanaoweza kuifanya kazi hiyo hapa. Nimeonja dagaa wao, na sina shaka yoyote juu ya ubora. Lakini angalia tofauti ya njia. Anayenunua gunia na kulisafirisha ana leseni yake ya mazao ya uvuvi, analipa ushuru wa soko na anaondoka. Anayetaka kuongeza thamani anahitaji hiyo leseni ya uvuvi, leseni ya biashara, usajili wa jengo na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula), vipimo vya afya vya wafanyakazi, usajili wa mahali pa kazi kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na ukaguzi wa zimamoto. Yaani kadiri mtu anavyotaka kuajiri watu wengi zaidi na kufanya kazi yenye faida zaidi kwa mkoa, ndivyo anavyokutana na madirisha mengi zaidi kabla ya kuuza pakiti ya kwanza.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu ukaguzi wa chakula. Samaki na dagaa wakihifadhiwa vibaya wanaua, na ukaguzi wa usafi wa jengo na wa afya za wafanyakazi ni lazima ufanyike kabla ya mlango kufunguliwa, bila msamaha kwa yeyote. Hoja yangu ni juu ya ada, si juu ya ukaguzi. TBS wenyewe wametuonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa, kwa kuwa mjasiriamali mdogo anayefika kwao na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupimiwa bidhaa yake na kupewa alama ya ubora bila malipo katika miaka ya mwanzo. Ukaguzi unafanyika, kiwango hakishushwi, ila gharama inabebwa na umma mpaka biashara isimame. Halmashauri zikifuata njia hiyo kwa ada ya bwana afya na ada ya leseni, kijana wa dagaa ataweza kutumia mtaji wake kununua jiko, mizani na mashine ya kufungia pakiti.

Wapo watakaosema kwamba vivutio vya uwekezaji tayari vipo. Ni kweli vipo, lakini tuangalie vinaanzia wapi. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilishusha mtaji wa chini wa mwekezaji Mtanzania anayetaka cheti cha vivutio kutoka dola za Marekani 100,000 hadi 50,000. Ilikuwa hatua nzuri, lakini dola 50,000 ni zaidi ya shilingi milioni 100. Kampuni inayozalisha kwa ajili ya kuuza nje katika maeneo maalumu hupata likizo ya kodi ya mapato ya miaka kumi. Sina ugomvi na vivutio hivyo. Kiwanda kikubwa kikijengwa Mwanza kitaajiri ndugu zetu na kitanunua samaki wa wavuvi wetu. Ila nauliza, na nauliza kwa uchungu, inakuwaje mwenye milioni mia apewe miaka kumi, na mwenye milioni tatu adaiwe kabla ya siku ya kwanza? Yule wa milioni tatu ndiye tunayekutana naye Mlango Mmoja, Makoroboi na Mbugani. Ndiye anayemwajiri shangazi, mpwa na jirani. Ndiye, kwa idadi yake, anayeibeba Mwanza.

Tena kuna jambo ambalo linanisumbua kila nikilifikiria. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro zilizobainishwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kikipata mkopo huo, sehemu yake hurudi palepale ulikotoka kwa njia ya leseni, ada za ukaguzi na ushuru, hata kabla hawajazalisha chochote. Halmashauri imeandika katika vitabu vyake kwamba imekopesha, na imeandika pia kwamba imekusanya. Lakini kikundi kimebaki na deni kamili na mtaji pungufu. Marejesho yakikwama, tunasema vijana hawana nidhamu ya mikopo. Ningependa walau vikundi vinavyopewa fedha hizo visidaiwe ada yoyote ya halmashauri mpaka vimalize mwaka wa kwanza wa uzalishaji.

Hoja mbili hutolewa dhidi ya pendekezo hili, na zote mbili nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba watu watafunga na kufungua upya kila mwaka kwa jina lingine ili waendelee kupata nafuu. Zamani hofu hiyo ingekuwa kikwazo kikubwa. Leo TIN ya mtu ni moja na imefungwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Nafuu ya mfanyabiashara mpya inaweza kutolewa mara moja tu kwa kila namba ya NIDA, iwe anaitumia akiwa na umri wa miaka 20 au 50, na iwe anaitumia kwa duka au kwa karakana. Akitumia jina la mkewe au la kaka yake, basi atakuwa ameitumia nafasi ya mkewe au ya kaka yake, na familia haina watu wasio na mwisho.

Ya pili hutoka kwa wafanyabiashara wa zamani, baadhi yao wateja wangu, wanaosema kwamba si haki jirani aliyefungua jana auze bila mzigo ambao wao wameubeba kwa miaka. Nawajibu kwamba siombi jirani asamehewe kodi ya mauzo aliyoyafanya. Akiuza zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, alipe kama sheria inavyosema, na nafuu ya miezi sita iliyopo ikiisha iwe imeisha. Ninachoomba ni kwamba ada ya leseni na ada za ukaguzi zianze kulipwa baada ya robo ya kwanza ya mauzo, kwa awamu, na ushuru wa huduma upunguzwe kwa mwaka mmoja. Haya hayampi uwezo wa kuuza kwa bei ya kumuumiza mwenzake. Yanampa uwezo wa kufikisha miezi mitatu bila kufunga. Na mfanyabiashara wa zamani mwenye busara anajua kwamba mtaa wenye maduka mengi yaliyo wazi una wateja wengi kuliko mtaa wenye makufuli.

Kuhusu mapato ya halmashauri kupungua, nafikiri upungufu utakuwa mdogo na wa muda, kwa sababu kinachohusika ni mwaka wa kwanza wa biashara ndogo, ambao kwa vyovyote hautoi makusanyo makubwa. Kilicho kikubwa ni idadi ya wale ambao leo hawaji dirishani kabisa. Wapo mafundi wa simu, washonaji, wauza vipuri vya pikipiki na akina mama wa vyakula ambao wamefanya kazi miaka mingi bila leseni, wakimkimbia mgambo. Wengi wao hawaogopi kulipa. Wanaogopa kulipa vyote kwa mara moja, na wanaogopa kwamba wakijiandikisha leo wataulizwa ya miaka iliyopita. Kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichozinduliwa mwishoni mwa 2018 kiliwapa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 namna ya kutambulika kwa malipo madogo yanayojulikana. Anayevuka milioni 4 anaacha malipo hayo madogo na kukutana na orodha nzima niliyoieleza hapo juu, na nimeona watu wakikataa kukua, wakikataa hata kuandika mauzo yao yote, kwa kuogopa hatua hiyo moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Jiji na wa Ilemela ni mahususi. Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla, na sheria ndogo zinahitaji muda wa kupita katika baraza na kwa waziri. Kamati za fedha zilete rasimu inayosema mambo haya: mfanyabiashara wa mara ya kwanza apewe leseni kwa ahadi ya kulipa ada yake kwa awamu kuanzia mwisho wa robo ya kwanza, ofisi zote za halmashauri zinazomhusu zimkague siku moja na kumpa karatasi moja yenye mahitaji yote, biashara isiyohusu chakula, dawa, kemikali wala moto ikaguliwe baada ya kufunguliwa badala ya kabla, na orodha kamili ya ada, kwa shilingi, ibandikwe katika kila ofisi ya kata ili mtu aisome kabla hajapanga chumba. Yale yaliyo nje ya uwezo wao, hasa asilimia 10 ya pango inayotozwa mfukoni mwa mpangaji na kiwango cha ada ya leseni ambacho huwekwa na sheria ya nchi, wayapeleke kwa wabunge wetu kwa maandishi. Ada hiyo iliwahi kuondolewa kwa biashara ndogo katikati ya miaka ya 2000 na kurejeshwa mwaka 2014, kwa hiyo si jambo lisiloweza kuzungumzika.

Rasimu ya sheria ndogo hutangazwa ili wakazi watoe maoni kabla haijapitishwa. Ikifikia hatua hiyo, nawaomba wafanyabiashara wa Kirumba, Igoma, Buhongwa na Nyakato, na hasa wale ambao bado hawajafungua, waende na mahesabu yao halisi, yaani pango walilolipa, kontroli namba walizolipia na tarehe waliyouza kwa mara ya kwanza. Mimi nitakwenda na vitabu vya wateja wangu watakaoniruhusu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza hesabu,
Nyakato, Mwanza